Pipa la Tatu

Vijana wa mtambo, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni. Mtu akishamaliza kuamka alfajiri maisha yake yote ndipo anapewa saa, hilo nalo ni jambo. Mlinipa na daftari, mkaniomba niandike ninayoyajua kuhusu injini za dizeli nisije nikafa nayo. Haya, naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize ofisini, huko wana makabati. Mimi nitaandika habari ya mtu aliyenifundisha kazi, Fundi Anli, na kwa nini alichukuliwa na askari wa Kireno asirudi tena. Hakuna kati yenu aliyewahi kuisikia kwangu, maana sikumwambia mtu.

Nilianza kazi kwenye kampuni moja ya minazi ya Wareno, hapa hapa Palma, wakati vita vilikuwa bado vinasikika kwa mbali, kule bara. Nilikuwa na miaka kumi na minane, ndevu chache, kiburi tele. Kampuni ilikuwa na injini mbili. Moja ya petroli, ndogo, imepakwa rangi nyekundu, ilivuta maji kisimani. Ya pili ya dizeli, silinda mbili, nyeusi, nzito, imefungwa kwenye saruji, nayo ndiyo iliyozungusha kinu cha mafuta ya nazi. Mimi niliitamani ile nyekundu. Nilipomwambia hivyo Fundi Anli, aliyekuwa mkuu wa mashine zote, alinitazama kuanzia miguuni.

"Umekuja kufanya kazi au umekuja kuchagua mchumba?"

"Kufanya kazi, Fundi."

"Basi matambara yale pale. Kafue."

Nikafua matambara kwa mafuta ya taa wiki nzima, mikono ikababuka. Nilipomuuliza nitaanza lini kujifunza injini, akaniambia nimeshaanza. Tambara chafu linaacha uchafu kwenye pampu, uchafu unaziba nozeli, kile kitundu cha kunyunyizia mafuta, nozeli ikiziba kinu kinasimama, kinu kikisimama patrau, bosi wetu Mreno, anatukana mama zetu. Nyinyi leo mnapangusa pampu kwa chochote kilicho karibu, hata kwa fulana ya mpira. Nimewaona. Nilinyamaza tu kwa sababu nilikuwa nahesabu siku zangu zilizobaki.

Fundi Anli alikuwa Mmwani, mtu wa pwani, wa Mocímboa, mfupi, mnene wa shingo, hacheki ovyo. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatwa kwenye pingili. Alikitumia kufundishia. "Unakiona hiki? Hiki kimeliwa na nozeli. Nilikuwa kijana kama wewe, nikaweka kidole mbele ya mafuta yanapotoka nione kama yanatoka vizuri. Yalitoka vizuri." Mafuta ya nozeli yana nguvu ya kupenya ngozi, na yakishaingia mwilini daktari hana la kufanya ila kukata. Kwa hiyo tulipima nozeli juani, tukiishikilia mbali, mbele yake tumetandika karatasi. Tukiona ukungu mwembamba ulioenea sawasawa, nzuri. Tukiona michirizi, inafunguliwa inasafishwa upya.

Alikuwa na kijiti cha mpingo, urefu wa mkono, kimelainika kwa kushikwa. Ncha moja aliiweka kwenye injini, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Hapo hata patrau hakumsemesha. Mimi nilikaa miezi sita nikisikia kelele tupu. Siku moja nikasikia silinda ya pili inachelewa kidogo, mfano wa mtu anayechechemea. Nikamwambia. Akasikiliza, akaniangalia, akasema, "Una sikio." Mpaka leo sijawahi kupewa sifa nyingine nikaifurahia vile, na mjue mmenipa saa.

Kwa nini dizeli, mtaniuliza. Nilimuuliza na mimi, kwa sababu ile nyekundu ilikuwa bado moyoni. Akanieleza kwa maneno ambayo mimi nimeyarudia kwenu mpaka mkayachoka. Petroli ina maringo. Inataka hewa yake na mafuta yake kwa kipimo, ukiizidishia hewa inakohoa inazima. Inataka plagi itoe cheche, na plagi ikipata chumvi ya bahari utavuta kamba mpaka bega liteguke. Dizeli haina plagi. Inavuta hewa tumbo tele kila mara, iwe na kazi iwe haina, inaikandamiza mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, halafu inanyunyiziwa matone. Kazi ndogo, matone machache. Kazi ikizidi, matone yanazidi, lakini hewa ni ile ile, tele. Ndiyo maana haina ulafi. Na ukiona bomba linatoa moshi mweusi, jua mafuta yamezidi hewa, yanatoka bila kuungua.

Ubavuni mwa pampu kulikuwa na skurubu ndogo inayoweka mpaka wa mafuta. Madereva wa malori ya mbao waliikaza na kuilegeza hovyo, wakiamini moshi mwingi ni nguvu nyingi. Walipita mjini wanatimua masizi, watoto wanawashangilia. Fundi Anli aliirudisha ya kwetu nyuma taratibu, robo kwa robo, injini ikiwa na mzigo, huku anatazama bomba la moshi dhidi ya ukuta mweupe wa msikiti. Moshi ulipopotea machoni akasimama. Akaifunga kwa waya, juu ya waya akadondosha tone la risasi iliyoyeyushwa. "Atakayeigusa hii," akasema, "amegusa kidole changu kilichobaki."

Mwaka wangu wa pili ile nyekundu iliungua. Mtu mmoja aliijaza petroli ikiwa bado ya moto, miguu yake yote miwili ikababuka hadi magotini. Dizeli ukiimwaga juu ya bomba la moto itakutolea moshi na harufu, utakohoa, utapangusa, maisha yataendelea. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa injini nyeusi.

Kisha vita vikatufikia. Patrau akafunga virago akaenda zake kusini, na jeshi likachukua kilichobaki. Watu wa vijiji vya jirani walitolewa makwao wakakusanywa sehemu moja nje ya Palma, nyumba zimepangwa mistari, seng'enge pande zote, ili wasiwape chakula wapiganaji wa msituni. Wareno walipaita kwa jina zuri, kijiji cha ulinzi. Sisi tulipaita seng'enge. Nyumba ya Fundi Anli ilibomolewa, yeye na mkewe Bi Zainabu wakapewa kibanda humo ndani. Na mimi hali kadhalika. Injini yetu ikang'olewa kwenye saruji yake ikaletwa humo humo, iwashe taa za ua na kuvuta maji. Sarjenti akatuambia tuna bahati, tumekwenda na kazi yetu.

Wiki ya kwanza pale nilimwonea aibu mwalimu wangu. Alikata ule waya wenye tone la risasi kwa koleo, akaizungusha skurubu ikafunguka. Chujio la hewa akaliacha na vumbi lake. Mkanda ukawa unateleza. Injini ikatoa moshi mweusi wa kutia haya, masizi yakaanguka kwenye nguo za watu zilizoanikwa, wanawake wakatutukana.

"Fundi, hii mashine inaumwa," nikamwambia.

"Iache ivute."

"Lakini skurubu..."

"Nimesema iache ivute, Saidi. Husikii?"

Nikadhani amevunjika moyo kwa ajili ya nyumba yake. Wiki ilipokwisha sarjenti akapima, akaona injini imemaliza mapipa matatu ya dizeli, akaandika mapipa matatu kwa wiki, na lori la kutoka Mocímboa likawa linaleta matatu kila Jumatatu. Jumanne yake Fundi Anli akaosha chujio, akakaza mkanda, akarudisha skurubu mahali pake. Moshi ukapotea. Mimi nikafurahi, nikasema mzee amepona. Hilo tu ndilo nililolielewa. Sikio ninalo, akili ilikuwa bado njiani.

Yaliyokuwa yakiendelea niliyajua yote vita vilipokwisha, kwa kinywa cha nahodha mwenyewe, lakini nawaambieni sasa ili msipotee kama nilivyopotea mimi. Injini yetu ikiwa safi ilikula mapipa mawili na hata hayakwisha. Pipa la tatu Fundi Anli alilitoa kidogo kidogo. Aliijaza dizeli kwenye makopo, akatia juu yake oili chafu ya injini ikawa nyeusi tii, na Bi Zainabu akatoka na kopo getini asubuhi, wakati watu wanaruhusiwa kwenda mashambani. Akiulizwa, anasema ni oili ya kupaka nguzo za kibanda cha shamba, mchwa wamezidi; hata mimi nilimsikia nikaamini. Masipai wa getini, askari weusi waliomtumikia Mreno, walishika pua wakampisha. Kopo liliachwa kwenye mikoko, na nahodha mmoja, Sufo, alilichukua, akaliacha litulie, akalichuja kwa kitambaa. Dizeli hiyo iliyochafuliwa injini ya boti lake iliila bila kulalamika. Petroli usingeitia uchafu ule hata tone.

Boti hilo lilikuwa linavusha watu. Waliokuwa na majeraha, wanawake wenye watoto waliochoropoka kwenye seng'enge, liliwapitisha mdomo wa Rovuma mpaka upande wa Mtwara. Injini za petroli zilikuwa zimejaribiwa pale zikazima katikati ya mawimbi, plagi zimelowa, na mnajua maji ya pale hayana huruma. Boti la dizeli lilipita. Sufo aliniambia pipa moja kwa wiki lilimtosha kwenda na kurudi, na kwamba aliyemrekebishia pampu yake ikawa haitoi moshi wa kuonekana kwa mbali ni Fundi Anli.

Sasa niandike siku yenyewe. Nimeandika ukurasa huu mara tatu nikauchana.

Alikuja kapteni kutoka Mueda, mtu wa mitambo, kukagua injini za kambi zote. Ilikuwa asubuhi, Fundi Anli ameenda kutazama mabomba ya kisima. Nilikuwa peke yangu. Kapteni akazunguka injini, akatazama bomba, akaweka karatasi nyeupe mbele ya moshi, ikabaki nyeupe. Akapiga mluzi. Alisema Kireno, nami nilikuwa nakijua cha kutosha kujiponza.

"Nani anaitunza mashine hii?"

"Fundi wangu na mimi, senyor."

"Kambi zote nilizopita zinatoa moshi kama tanuri la mkaa. Hii inakula kiasi gani?"

Vijana, hebu nielezeni. Mtu amefua matambara mpaka mikono imebabuka. Amekaa miezi sita na kijiti sikioni. Hajawahi kuulizwa jambo la maana na mkubwa yeyote. Halafu anakuja mtu anayezijua injini, anaiona kazi yake, anaisifu. Mimi kifua kilijaa.

"Mapipa mawili kwa wiki, senyor, na yanabaki."

Akatabasamu. Akanipigapiga begani, akatoa mfukoni kopo la sadini akanipa.

Nililifungua lile kopo mchana, tulipokaa kula. Nikampakulia Fundi Anli kwanza, kwa heshima. Alikula tonge moja, mbili.

"Sadini umepata wapi?"

"Kapteni kanipa. Kaisifu mashine."

"Kaisifu vipi?"

"Kaniuliza inakula kiasi gani. Nikamwambia mapipa mawili, na yanabaki."

Akaacha kutafuna. Akalirudisha tonge kwenye sahani, akanitazama, na mimi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona usoni pake, yaani hofu.

"Umemwambia mawili?"

"Ndiyo, Fundi. Nimekosea?"

Kabla hajanijibu mlango ulijaa mabuti. Sarjenti mbele, kapteni nyuma, askari wawili, na sipai wa getini aliyeitwa Rashidi, aliyeletwa kutafsiri kwa ajili ya Fundi Anli.

"Mestri," akasema sarjenti, "kijana wako anasema mapipa mawili. Mimi nakupa matatu."

Fundi Anli akacheka. Nimesema hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Nani, huyu? Huyu hata vidole vyake hajui kuvihesabu. Akiona wakubwa anajitapa." Akanigeukia, akanizaba kofi mpaka masikio yakalia. "Mwongo mkubwa we! Mwambie sarjenti kwamba umedanganya. Sema!"

Hapa nawaombeni msome polepole. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Ndiyo, nimedanganya. Wangenipiga palmatoria, ule ubao wao wenye matundu, viganjani, viganja vingevimba, vingepona, wangeniita mpumbavu mpaka vita viishe. Basi. Yule mtu alikuwa amenifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa kofi lile, na mimi nilichokiona ni kwamba nimedhalilishwa mbele ya watu, na mwalimu wangu mwenyewe, kwa kusema kweli juu ya kazi yetu nzuri.

"Mimi si mwongo," nikasema. Nikasema kwa Kireno ili wasihitaji kutafsiriwa. "Njooni mpime."

Nikaichukua fimbo ya kupimia tangi, nikaizamisha, nikaonyesha alama. Kapteni akaamuru taa zote za ua ziwashwe ili injini ipate mzigo. Zikawaka jua la saa saba, ua mzima, taa zinawaka mchana na watu wametoka vibandani wanashangaa. Kapteni alishika saa yake. Saa nzima tulikaa pale. Fundi Anli ameketi kwenye sanduku lake la spana, mikono juu ya magoti. Bomba halikutoa hata uzi wa moshi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa najivuna. Hata hapo nilikuwa najivuna.

Nikazamisha fimbo mara ya pili. Kapteni akapiga hesabu kwenye pakiti ya sigara. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Pipa la tatu liko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Wiki ya moshi, makopo ya oili chafu, mchwa wa Bi Zainabu, vyote viliniingia mara moja.

Fundi Anli akasimama. "Nimewauzia wavuvi," akasema. "Peke yangu. Huyu mpumbavu hajui kitu. Mwacheni aendeshe mashine, hapa hakuna mwingine anayeiweza."

Rashidi akatafsiri. Hawakuamini habari ya wavuvi, lakini ile ya mashine waliiamini, kwa sababu walitaka taa zao. Wakamfunga mikono. Alipopitishwa mlangoni alisimama kidogo mbele yangu. Nilingoja anitukane. Ningependa angenitukana.

"Kesho ni siku ya chujio la hewa," akasema. "Usisahau."

Wakampakia kwenye gari, wakaenda naye njia ya bara. Hatukuambiwa alikofikishwa, na kaburi lake halijulikani. Jioni Bi Zainabu alirudi kutoka shamba, Rashidi akamwambia la kumwambia pale getini. Nilimwona kwa mbali akikaa chini, palepale kwenye vumbi, na watu wanampita.

Kesho yake nilisafisha chujio la hewa.

Niliendesha ile injini mpaka vita vilipokwisha. Pipa la tatu waliendelea kulileta, ila kapteni aliamuru lifanyiwe kazi, wakaongeza taa upande wa mikoko, palipokuwa na giza, palipokuwa panapitiwa na watu wanaochoropoka. Boti la Sufo lilikaa juu ya mchanga halina cha kunywa. Mimi niliziwasha taa zile. Ziliwaka vizuri, hazikupepesa hata mara moja, mjue mlifundishwa na fundi hodari. Juzi nimepita Afungi nikaona ua wa kiwanda cha gesi, seng'enge na taa zake, jamaa niliyekuwa naye anasema tazama maendeleo. Nikamwambia twende zetu.

Uhuru ulipokuja kukaitwa mkutano. Sufo akasimama akasimulia habari ya boti na ya Fundi Anli, watu wakalia. Kisha mtu akauliza, nani alimsema? Macho yote yakaenda kwa Rashidi, kwa sababu wakati wa vita ndiye aliyevaa sare ya Mreno. Rashidi akaapa kwamba si yeye. Akanitazama. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, nina kofia yangu mapajani, naikunja ukingo na kuukunjua. Alikuwa anajua ni nani. Alikuwepo, alisikia kila neno, nusu yake aliitafsiri yeye. Hakunitaja. Labda alingoja nijitaje. Wakamtemea mate, nyumba yake wakaichoma paa, akavuka Rovuma na wanawe akafia huko. Mimi nikapewa kazi kwenye mtambo wa umeme, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa shujaa.

Na kila Ijumaa baada ya swala ilikuja sahani. Bi Zainabu hakuolewa tena. Alimtuma mtoto wa jirani aniletee wali wa nazi na samaki, umefunikwa kwa kawa, ile ile miaka yote. Mke wangu alipokuwa hai alisema, tazama mama wa watu anavyokupenda, wewe ndiye mwana aliyemwachia marehemu. Sahani hairudi tupu kwa mwenyewe, mnajua desturi, kwa hiyo tuliirudisha na sukari, siku nyingine sabuni. Nilikula. Niseme kweli, nilikula nikashiba.

Mliponipa hili daftari nilikaa nalo siku nyingi. Nikaona siwezi kuwaandikia nyinyi kabla sijamwambia yeye. Nikaichukua sahani ya Ijumaa, nikaitia sukari, nikaipeleka mwenyewe. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka barazani anachagua mchele kwenye ungo. Macho yake yamefifia, vidole vinafanya kazi peke yake.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo umeileta mwenyewe."

"Nimeileta mwenyewe. Nina neno."

Nikamwambia. Sadini, kofi, fimbo ya tangi, yote, bila kujipunguzia. Hakuinua kichwa. Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa uani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile. Rashidi alinihadithia getini, na kofi na yote."

"Na siku ya mkutano, mama, waliposema ni yeye?"

"Nilisema si yeye. Nani angemsikiliza mwanamke anamtetea sipai? Walisema nimechanganyikiwa kwa uchungu. Wewe ndiye ungesikilizwa, Saidi. Wewe ulikuwepo."

Nilishindwa kumtazama. Nikauliza jambo la kipumbavu, lakini ndilo lililokuwa linanichoma. "Na chakula je? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakukumbusha." Vidole vikaendelea kuchagua. "Kila Ijumaa nilisema, leo kitamkwama kooni, atakuja. Nilisema hivyo Rashidi akiwa hai, ng'ambo tu pale, mtu angeweza kwenda kumwita akarudi nyumbani kwake. Hakikukwama. Ulikuwa unanirudishia sahani na sukari."

"Nisamehe, mama."

"Mimi kumngoja Anli kulishanifundisha kusubiri, sina kesi na wewe. Kamwombe Rashidi."

"Rashidi amekufa."

"Ndiyo," akasema. "Amekufa."

Akaipapasa sahani, akaitoa ile sukari, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake. Kisha akaichukua sahani yake akaiweka nyuma yake.

Ijumaa iliyofuata nilirudi kutoka msikitini nikatandika mkeka kama kawaida. Niliosha mikono nikakaa. Mtoto wa jirani alipita na mpira wake, akanisalimu, akaenda zake. Nilikaa hapo mpaka alasiri, halafu nikachemsha muhogo.